Wasomaji Wanauliza: Kabla Programu Haijaandikwa

Barua za safari hii zimetoka Dodoma mjini, Hombolo, Kibaigwa, Mpwapwa na Singida. Waandishi wake hawafahamiani, lakini wote wamekwama mahali pamoja: mfumo umetengenezwa, au uko njiani, na aliyeuagiza haelewani na anayeutengeneza juu ya kazi yenyewe. Tunaanza na Hombolo, kwa kuwa barua hiyo imebeba shida nzima.

TULIULIZWA TUNATAKA NINI, TUKAJIBU. MBONA MFUMO HAUFAI?

Ndugu wahariri, mimi ni katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, Hombolo. Tulimpa kijana mmoja kazi ya kututengenezea programu ya kupokea zabibu na kuwalipa wanachama. Alikuja siku moja, akakaa na bodi ofisini, akauliza tunataka nini, akaandika kurasa 4, tukasaini. Msimu ulipofika, programu ikashindikana kutumika mizanini na karani akarudi kwenye daftari. Kijana anadai salio lake kwa kuwa kila kilichoandikwa kimo. Na kweli kimo. Kosa liko wapi?

Jibu: Pole sana, katibu. Kosa lilianzia kwenye swali. Mtu akiulizwa "mnataka nini" hujibu kwa kukumbuka kazi ilivyo siku inapokwenda vizuri, tena akiwa amekaa kivulini. Bodi ilisema kweli: tunataka kusajili mwanachama, kupokea mzigo, kutoa stakabadhi, kulipa. Hakuna aliyetaja kwamba kreti ni za aina 2 na zikiwa tupu uzito wake haulingani, kwamba mzigo wa mama huletwa na mwanawe asiye mwanachama, au kwamba mzigo unaweza kupokelewa nusu na nusu ukarudishwa. Hayakufichwa. Wanabodi wameyazoea mno hata hawayahesabu kuwa habari, na karani anayepambana nayo kila siku hakuitwa kwenye kikao.

Mkirudia, mtengenezaji aje mizanini siku ya mapokezi, tangu mzigo wa kwanza hadi hesabu zinapofungwa. Dakika 60 za mwanzo akae nyuma ya karani bila kuuliza kitu, aandike kila kinachoshikwa kwa mkono: daftari, kikaratasi kinachobandikwa kwenye kreti, kikokotoo, simu ya karani, kalamu ya wino mwekundu. Hiyo kalamu nyekundu asiipite. Karani hawezi kuzungushia namba duara jekundu bila sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni kanuni ya ushirika ambayo haijaandikwa popote.

Baada ya hapo ndipo aulize, na aulize matukio. "Mzigo wa mwisho kukataliwa ulikuwa wa namna gani? Nani aliukataa? Mkulima aliondoka na karatasi gani mkononi?" "Mara ya mwisho fedha zilipokwenda kwa mtu mwingine, mlizirudishaje?" Mtu akiulizwa jambo la juzi hutaja kilo, saa na aliyehusika. Akiulizwa matakwa hutaja ndoto, na ndoto haina hatua za kufuata.

Aombe pia nakala ya kurasa 20 za daftari la msimu uliopita, na achague zilizochafuka. Ukurasa msafi unaonyesha safu za jedwali tu. Uliofutwafutwa unaonyesha mahali ambapo karani hukosea, na ukiupitia naye mstari kwa mstari atakueleza kila alichofuta. Watu wa kuzungumza nao, mmoja mmoja na si kwenye kikao, ni karani wa mizani, anayepima sukari, mhasibu, mkulima mwenye mashamba 2, mkulima asiye na simu, na mnunuzi wa mzigo. Kwa kazi ya ukubwa wenu hesabuni siku 4 au 5, na mtengenezaji alipwe siku hizo kando ya bei ya programu. Asiyelipwa kuchunguza hatachunguza. Zabibu zenu huvunwa mara 2 kwa mwaka, hivyo msimu ukipita bila uchunguzi mtangoja miezi kadhaa kabla hamjapata tena siku ya mizani ya kutazama.

Kuhusu salio, maoni yetu ni kwamba kijana alipwe. Alitekeleza kilichosainiwa. Kisha andikeni makubaliano mapya ambayo malipo yake ya mwisho yanatoka baada ya karani kupokea mizigo 50 halisi bila kurudi kwenye daftari.

MSIMAMIZI AMEANDIKA "HAYA SI MALENGO"

Shikamooni. Nasoma mwaka wa tatu chuoni hapa Dodoma. Mradi wangu ni mfumo wa mapokezi ya mazao kwa ushirika. Nimechora mchoro wa visa vya matumizi wenye vikatuni 5 na duaradufu 34. Msimamizi ameurudisha akiwa ameandika pembeni "haya si malengo". Pia nachanganya mshale wa kujumuisha (include) na wa kupanua (extend). Naombeni msaada.

Jibu: Marahaba. Msimamizi wako yuko sahihi, na umebahatika kuambiwa mapema.

Wazo la kisa cha matumizi, ambacho mafundi wengi hukiita yuzikesi, lilitolewa na Mswidi Ivar Jacobson kutokana na kazi yake ya mitambo ya simu katika kampuni ya Ericsson, na aliliwasilisha hadharani mwaka 1987. Miaka 10 baadaye, mwaka 1997, lugha ya michoro ya UML ilipitishwa kuwa kiwango, duaradufu zikaenea vyuoni, na wengi wakadhani mchoro ndio kisa. Kisa ni maandishi yanayoeleza jinsi mhusika fulani anavyopata lengo lake kwa kuutumia mfumo, pamoja na yote yanayoweza kumkwamisha njiani. Mchoro ni kama ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu.

Kwa kila duaradufu jiulize: mhusika akimaliza jambo hili anaweza kufunga kazi akanywe chai akiwa amepata alichokijia? "Kuingia kwenye mfumo" inaanguka hapo hapo. Hakuna karani anayetoka nyumbani alfajiri ili akaandike neno la siri. "Thibitisha namba ya simu", "hesabu uzito halisi" na "chapa stakabadhi" ni hatua ndani ya kisa kingine. Na kama una "ongeza mwanachama", "hariri mwanachama", "futa mwanachama" na "tazama mwanachama", ziunganishe ziwe "tunza taarifa za mwanachama". Ukichuja hivyo, 34 zitashuka hadi 7 au 9: tunza taarifa za mwanachama, pokea mzigo, rekebisha mapokezi yenye kosa, weka bei, lipa wakulima, funga siku, toa taarifa kwa mnunuzi. Kwa mradi wa mwaka wa tatu hizo zinatosha kabisa.

Upande wa vikatuni, kumbuka kwamba mhusika ni wajibu. Karani ambaye pia ni mwanachama na analeta zabibu zake ni wahusika 2, na utataka sheria inayomzuia kujipimia mzigo wake mwenyewe. Mfumo wa malipo wa kampuni ya simu ni mhusika kwa kuwa uko nje ya mfumo wako. Hifadhidata yako si mhusika, maana iko ndani ya boksi.

Mishale yote miwili ni ya mistari ya vipande. Wa kujumuisha unatoka kwenye kisa kikuu kwenda kwenye kinachojumuishwa, kwa sababu kikuu hakikamiliki bila hicho na ndicho kinachokitaja. Wa kupanua unakwenda kinyume: unatoka kwenye kisa kinachopanua kwenda kwenye kikuu, kwa sababu kikuu kinajitosheleza na wala hakijui kuwa kuna kinachokipanua. Ukipotea, uliza nani anamtaja nani, kisha mshale utoke kwa anayetaja. Hata hivyo tunakushauri uitumie mishale hii kwa kubana mno. Saa nzima ya kubishana kuhusu mshale ingekutosha kuandika matawi ya kisa kimoja, yaani yale yanayoweza kukwamisha hatua zake, na matawi ndiyo yatakayouokoa mfumo.

Huu hapa ni mfano wa kisa kilichoandikwa kamili. Soma ukitazama nani anafanya nini katika kila hatua.

Kisa: Pokea mzigo wa zabibu.
Mhusika mkuu: karani wa mizani.
Wengine wenye maslahi: mkulima, asipunjwe kilo; ushirika, usilipe kilo hewa; mnunuzi, asipate mzigo usiofikia kiwango cha sukari.
Lazima kwanza: bei ya siku imewekwa, mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.
Mwisho mwema: mapokezi yana namba, mkulima ana stakabadhi, na deni la ushirika kwake limeongezeka kwa thamani ya mzigo.

1. Mkulima anataja namba yake ya uanachama.
2. Mfumo unaonyesha jina, kijiji na picha yake.
3. Karani anaingiza aina na idadi ya kreti.
4. Karani anaingiza uzito ghafi.
5. Mfumo unaondoa uzito wa kreti tupu na kuonyesha uzito halisi.
6. Karani anaingiza kipimo cha sukari.
7. Mfumo unapanga daraja na kuonyesha thamani.
8. Mkulima anakubali.
9. Mfumo unahifadhi mapokezi, unayapa namba na kuchapa stakabadhi 2.

Matawi:
1a. Aliyeleta mzigo ametumwa na mwanachama: karani anaandika jina na simu ya mleta mzigo; mfumo unachapa majina yote 2; malipo yanabaki ya mwanachama.
4a. Wastani wa kreti moja unazidi kilo 30: mfumo unaonya, karani anapima upya, au anathibitisha na kuandika sababu.
6a. Sukari haifiki kiwango: karani anakataa mzigo wote au sehemu, mfumo unahifadhi kukataliwa huko na kumchapia mkulima karatasi yenye kipimo chake.
8a. Mkulima hakubali uzito: karani anapima upya mbele yake; mfumo unahifadhi vipimo vyote 2.
9a. Printa imeishiwa karatasi: mfumo unahifadhi mapokezi na kuonyesha namba, karani anaiandika kwa mkono, stakabadhi itakayochapwa baadaye itakuwa na neno NAKALA.
Wakati wowote: umeme ukikatika kabla ya hatua ya 9, karani akirudi mfumo unaonyesha mapokezi yaliyoachwa njiani na kumuuliza aendelee au ayafute.

Tazama tawi la 4a kwa karibu. Mkulima kaleta kreti 8, uzito ghafi kilo 187.5, kreti tupu kilo 1.9 kila moja. Kreti zote ni kilo 15.2, uzito halisi ni kilo 172.3, na kwa bei ya mfano ya shilingi 1,500 mzigo una thamani ya shilingi 258,450. Karani mwenye vumbi kwenye kidole akikosa nukta, 187.5 inakuwa 1875. Mfumo utatoa zile 15.2 bila shaka yoyote na kuandika deni la shilingi 2,789,700. Katika hatua zile 9 hakuna hata moja ambayo ingeligundua. Ni mstari mmoja tu wa tawi unaozuia hasara ya milioni 2 na nusu.

Umeona pia kwamba hakuna hatua inayosema "anabonyeza kitufe cha kijani". Kitufe kitabadilika hata mara 3 kabla ya msimu, uzito ghafi utabaki kuwa uzito ghafi. Na jihadhari na kauli ya kutendwa. Kiswahili chetu cha ofisini kinaipenda: "mzigo unapimwa, stakabadhi inatolewa, malipo yanaidhinishwa". Masikio yanaridhika, na hakuna anayejua nani anaidhinisha. Pitia kisa chako, na kila penye kitenzi cha kutendwa weka mtendaji. Ukikosa wa kumweka, umegundua swali ambalo hujamuuliza mteja.

MAGUNIA 412 KWENYE KOMPYUTA, 371 GHALANI

Nanunua na kuhifadhi mahindi Kibaigwa. Programu yangu inaniambia nina magunia 412, tukihesabu ghalani ni 371. Hakuna aliyeiba, nina uhakika. Fundi anasema programu haina kosa.

Jibu: Inawezekana fundi anasema kweli na wewe hukuibiwa. Muulize swali moja: kwenye programu, gunia ni nini? Mkulima wa kijijini huhesabu gunia la debe 6. Mwingine anakuletea lumbesa iliyofungwa kwa kilemba juu, nawe unaipokea kama gunia 1. Ghalani wapangaji wanajaza upya kwenye mifuko ya kilo 100. Mnunuzi anasaini tani. Kama safu moja ya jedwali inapokea magunia haya yote kwa jina moja, hesabu haitakutana hata mara moja, na inaweza kwenda juu au chini kutegemea nani kaleta mzigo.

Dawa yake ni kamusi ya mradi, ukurasa 1 au 2, inayoandikwa kabla ya kisa cha kwanza. Kila neno la kazi lipewe maana moja na kipimo kimoja. Kwako tungeandika: "Kiasi cha mzigo huhifadhiwa kwa kilo, kwa desimali 1. Mfuko ni chombo. Idadi ya mifuko huandikwa kwa ajili ya kupanga na kulipa wabebaji, na haitumiki kukokotoa thamani." Sentensi hiyo ya mwisho inakulinda pia mbele ya Wakala wa Vipimo, ambao wanapiga vita lumbesa, kwa kuwa malipo yako yote yatasimama kwenye mizani. Maneno mengine ya kufafanua kwa biashara yako ni "unyaukaji", "mzigo wa mtu" na "mzigo wangu", na "kuuza": je, umeuza ulipokubaliana bei, ulipopakia, au ulipolipwa? Programu nyingi za maghala huchanganyikiwa hapo.

WALIOLIPWA MARA MBILI

Nimeandika programu inayotuma malipo ya simu kwa wanachama wa kikundi cha mikopo, Nkuhungu hapa Dodoma. Mtandao ukiyumba, wapo wanaolipwa mara 2. Nimekagua msimbo (maandishi ya programu yenyewe) mara nyingi bila kuona kosa.

Jibu: Acha msimbo, rudi kwenye kisa. Hatua yako inasema "mfumo unatuma malipo", na bila shaka ina matawi 2: imekubaliwa, imekataliwa. Lipo la tatu: jibu halikurudi. Kutorudi kwa jibu hakumaanishi kwamba fedha hazikwenda. Programu yako inalichukulia kama kukataliwa, inatuma upya, na kampuni ya simu inaona ombi jipya kabisa.

Andika tawi hilo hivi. Kabla ya kutuma, mfumo unatunga namba ya kumbukumbu ya malipo na kuihifadhi ikiwa na hali ya "inasubiri". Jibu lisiporudi, mfumo hautumi tena, unauliza hali ya malipo kwa namba ile ile. Ikiulizwa mara 3 bila jibu, malipo yanaingia kwenye orodha ya mhasibu, naye anayalinganisha asubuhi na taarifa ya akaunti kutoka kampuni ya simu. Kwenye hifadhidata weka zuio kwamba deni 1 haliwezi kuwa na malipo 2 yenye hali ya "inasubiri" au "imelipwa". Zuio hilo likae kwenye hifadhidata, kwa sababu siku moja mtu atafungua programu kwenye kompyuta 2 kwa wakati mmoja.

"TUNATUMIA AJAILI, HATUANDIKI"

Timu yetu, Area C hapa Dodoma, inafuata ajaili (Agile), yaani kutengeneza programu kwa awamu fupi fupi, na inatumia kadi za hadithi za mtumiaji. Kiongozi anasema visa vya matumizi vimepitwa na wakati.

Jibu: Kadi yenye "kama mkulima nataka kuona mapokezi yangu ili nihakikishe kilo" ni ahadi ya kuzungumza. Asili yake ni mbinu ya Extreme Programming ya miaka ya 1990, ambapo mteja alikaa chumba kimoja na watengenezaji na kuulizwa wakati wowote. Kama mteja wenu yuko Chamwino na hupatikana Ijumaa tu, mazungumzo hayo yaandikwe mahali. Endeleeni na kadi, ila nyuma ya kila kadi andikeni matawi, na kila tawi liwe jaribio: ikiwa hali ni hii, mtumiaji akifanya hili, mfumo ujibu vile. Kadi isiyo na tawi hata 1 msiichukue kwenye awamu.

"MFUMO UWE WA HARAKA, SALAMA NA RAFIKI"

Niko kitengo cha TEHAMA cha halmashauri, Mpwapwa. Tumeandika kwenye hadidu za rejea kwamba mfumo uwe wa haraka, salama na rafiki kwa mtumiaji. Mkaguzi ameuliza tutapimaje. Hatuna jibu.

Jibu: Mkaguzi amewasaidia. Sifa isiyopimika haiwezi kukataliwa siku ya makabidhiano, mzabuni atasema mfumo ni wa haraka na mjadala utaishia hapo.

Haraka iandikwe hivi: "Mhudumu akitafuta mlipaji kwa namba, jina lionekane ndani ya sekunde 2 katika maombi 95 kati ya 100, kukiwa na watumiaji 40 kwa pamoja na kumbukumbu 50,000, kwa mtandao wa 3G." Msitumie wastani. Maombi 90 yanayojibiwa kwa nusu sekunde na 10 yanayojibiwa kwa sekunde 12 yana wastani wa sekunde 1.65, na foleni dirishani imefika nje. Idadi ya watumiaji na kumbukumbu zitokane na hesabu zenu wenyewe za siku yenye msongamano. Hizo zetu ni mfano tu.

Rafiki kwa mtumiaji: "Mhudumu mpya aliyefundishwa kwa dakika 60 akamilishe malipo 10 bila msaada na asikosee zaidi ya 1." Tumeandika dakika 60 makusudi. "Saa 1" kwenye hati ya mfumo ni mtego, na mtego mkubwa zaidi ni muda wa siku. Mteja akisema "mfumo ufunge hesabu saa 12" ana maana ya jioni, jua linapozama, na mtengenezaji anaandika 12:00, hesabu zinafungwa mchana wakati foleni ndiyo kwanza imejaa. Kwenye hati andikeni kila saa kwa namna 2: saa 12 jioni, 18:00. Mwaka wa fedha nao uandikwe kwa tarehe, 1 Julai hadi 30 Juni.

Salama inaanza na kujua mnakusanya nini na kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisizidi zinazohitajika. Chukueni fomu yenu, kila kisanduku kiandikiwe kisa kinachokitumia. Kisanduku kisichotumiwa na kisa chochote kiondoke. Mkiona mnauliza dini ya mlipa ushuru wa soko, mtajua cha kufanya.

Mambo 2 madogo huangusha mifumo ya halmashauri, nayo ni ya kuandikwa kama mahitaji. La kwanza: namba ya NIDA ina tarakimu 20, hivyo ihifadhiwe kama maandishi. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba. Mtu akifungua orodha hiyo kwa Excel na kuihifadhi, tarakimu 5 za mwisho zinageuka sifuri kwa watu wote, na hakuna njia ya kuzirudisha. Namba ya simu inayoanza na 0 nayo hupoteza sifuri yake, kwa kuwa Excel huichukua kama namba ya hesabu.

La pili: SMS moja ina nafasi ya herufi 160 ikiwa herufi zote ni za kawaida. Ikiingia herufi moja tu ya nje ya seti hiyo, nafasi inashuka hadi 70. Kwetu mkosaji ni kibainishi kilichopinda, ile alama ya juu kwenye ng'. Ng'ombe, au jina la mahali kama Ng'hong'honha, ikiandikwa kwa kibainishi kilichonyooka haina shida. Ikinakiliwa kutoka Word, ambako kibainishi hujipinda chenyewe, ujumbe wa herufi 130 unakuwa SMS 2 na gharama inaongezeka maradufu kwa kila mlipaji. Andikeni: "Kabla ya kutuma, mfumo ubadilishe kila kibainishi kilichopinda kuwa kilichonyooka."

MTEJA ANABADILISHA KILA WIKI

Natengeneza mfumo wa kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, Singida. Kila wiki mwenye kiwanda ananipigia simu na jambo jipya. Nikikataa anakasirika, nikikubali simalizi. Nifanyeje?

Jibu: Usikatae, na usikubali kwenye simu. Mwambie, "Mzee, nimekupata, nitakuletea hesabu yake kesho." Kisha tafuta ombi linagusa visa vipi. Kwa hiyo kila kisa kiwe na namba, kila skrini na kila jaribio liandikwe namba ya kisa chake. Daftari la kawaida la safu 4 linatosha: kisa, skrini, jedwali la hifadhidata, jaribio. Akisema mashudu nayo yauzwe kwa mkopo, unafungua daftari na kuona kisa cha mauzo, kisa cha madeni na taarifa ya mwezi, skrini 3, majaribio 11, siku 6 za kazi.

Mpelekee karatasi 1 yenye mistari 4: alichoomba kwa maneno yake, kinachoguswa, siku na shilingi zinazoongezeka, na kitakachosogezwa mbele kama tarehe ya kukabidhi haibadiliki. Mstari wa mwisho muachie achague mwenyewe kati ya visa ambavyo hujaanza kuvijenga. Asaini, ubaki na nakala. Maombi yanayogusa fedha au kipimo cha mbegu mizanini yashughulikie mara moja hata kama yamekuja kwa simu usiku, kwa sababu mara nyingi hayo si mabadiliko, ni tawi ulilolikosa ulipokuwa unachunguza, na gharama yake ni yako.